Koti ya ngozi ya motari: historia yake, na bei yake inapouzwa mara ya pili

Ku soko la Virunga hapa Goma, ku Kadutu kule Bukavu, ao ku masoko ya Butembo, mutu anaweza kuona makoti mawili ya ngozi yenye kufanana: yote meusi, yote ya pikipiki. Moja muuzaji anaiachilia kwa bei ya jozi ya viatu. Ya pili anaikunja, anairudisha ndani ya mufuko, anasema: "Hii ndugu, bado haujafika."

Wamoja wanasema ni kiburi cha muuzaji. Lakini tofauti ile iko na historia ya karibu miaka 100. Tunaieleza leo juu jamaa nyingi zilizohama ziko na kitu kama hicho ndani ya mizigo yao: koti ya baba, ya kaka, ya mutoto aliyekuwa motari. Siku ya njaa, ndiyo inayotolewa ya kwanza. Na mara nyingi inaenda bure.

Ilianza kama vazi la kazi

Pikipiki za kwanza zilipotokea Ulaya na Marekani, waendeshaji walivaa makoti marefu yenye kufungwa na vifungo katikati. Upepo uliingia katikati ya vifungo, na kitambaa kirefu kilisumbua miguu.

Katika muji wa New York, ndugu wawili, Irving na Jack Schott, walianza mwaka wa 1913 kushona makoti ya mvua na kuyauza nyumba kwa nyumba. Mwaka wa 1928 Irving alitengeneza koti fupi ya ngozi kwa ajili ya muuzaji wa pikipiki za Harley-Davidson huko Long Island. Aliipa jina Perfecto, jina la sigara kubwa aliyoipenda. Bei yake ilikuwa dola 5 na senti 50.

Kila kitu juu ya koti ile kilikuwa na sababu. Tireti haikukaa katikati ya kifua, ilipita upande, kusudi ngozi ilale juu ya ngozi ingine na upepo usipate mulango. Kola ilifungwa na vifungo vya kubana kusudi isipige uso wakati wa mbio. Mikono ilikuwa na tireti ndogo ya kufunga hewa. Mushipi ulikaza tumbo. Motari wa Butembo anayetoka saa kumi na moja asubuhi, baridi ikiwa bado juu ya milima, hahitaji mutu wa kumufasiria mambo hayo.

Sababu ingine ni ajali. Mutu akianguka na kuburutwa juu ya lami, kitambaa cha kawaida kinapasuka upesi, na ngozi ya mwili ndiyo inayofuata. Ngozi nene ya ngombe ao ya farasi inasuguliwa mahali pake. Haizuii mufupa kuvunjika, na haichukui nafasi ya kaski. Lakini inaokoa nyama ya mukono na ya mugongo.

Koti ya kupimiwa

Makoti mengi yalishonwa kwa vipimo vya watu wote: dogo, la katikati, kubwa. Lakini kulikuwa pia mafundi waliomupima kila muteja na kumukatia ngozi yake peke yake. Mumoja wao ni Ross Langlitz, wa Portland, katika jimbo la Oregon huko Marekani. Alikuwa amepoteza muguu mumoja katika ajali ya pikipiki akiwa kijana, na hata vile aliendelea kuendesha. Alikuwa amejifunza kukata ngozi katika kazi ya kushona glovu. Alijitengenezea koti, marafiki wakaitamani, na mwaka wa 1947 akafungua kazi yake. Nyumba ile ya kazi ingali inajulikana kwa makoti ya kupimiwa.

Koti ya namna hiyo haikatwi kwa mutu aliyesimama. Inakatwa kwa mutu aliyekaa juu ya pikipiki, mikono mbele. Kwa hiyo mikono ya koti ni mirefu zaidi na imepinda kidogo, na mugongo ni murefu kusudi kiuno kisibaki wazi. Ukiivaa umesimama, unaweza kufikiri fundi alikosea. Ukikaa juu ya pikipiki, kila kitu kinakaa pahali pake.

Filamu iliyopandisha bei

Mwaka wa 1953, mwigizaji Marlon Brando alivaa koti nyeusi ya ngozi katika filamu The Wild One, yenye kuonyesha kundi la vijana wa pikipiki wanaoingia katika muji mudogo. Uingereza, wakaguzi walikataa filamu hiyo kwa zaidi ya miaka 10, wakiogopa kwamba vijana wataiga fujo. Lakini picha ya koti ilikuwa imekwisha kuzunguka. Watu ambao hawajagusa pikipiki hata siku moja wakaanza kuitafuta.

Kutoka hapo koti ikawa na bei mbili: bei ya kazi, yaani ngozi na mushono, na bei ya jina. Sisi Wakongomani tunaielewa vizuri bei ya pili. Wasapeli wa Kinshasa na wa Brazzaville walitufundisha zamani kwamba mutu anaweza kufungua koti na kuonyesha kitambaa cha ndani, kusudi watu wasome jina la mushonaji.

Namna ilivyofika kwetu

Biashara ya nguo zilizovaliwa si ya leo. Wakati wa ukoloni wa Wabeleji, nguo kama hizo zilikuwa zinaingia Kongo, na zingine zilivuka mupaka kwenda inchi ambayo leo ni Zambia. Kila inchi ilizipa jina: mitumba kwa Wakenya na Watanzania, salaula kwa Wazambia, caguwa kwa Warwanda na Warundi, tombola bwaka kwa watu wa Kinshasa. Caguwa inatoka kwa Kiswahili "chagua". Tombola bwaka ni "inua, tupa". Majina hayo yanaonyesha kazi yenyewe: kuinama juu ya fungu na kutafuta kitu kizuri katikati ya vibaya.

Na ndani ya fungu, koti iliyopimiwa mutu mumoja huko mbali inalala pamoja na koti ya plastiki yenye kuigiza ngozi. Asiyejua anaziuza kwa bei moja.

Namna ya kuitambua na kuiuza

Angalia kwanza sehemu iliyokatwa, ndani ya mufuko ao chini ya kola. Ngozi ya kweli iko na nyuzinyuzi kama sufi. Ile ya kuigiza inaonyesha kitambaa kilichopakwa rangi, na ikizeeka inabanduka kama ganda. Kisha angalia kiwiko na bega: ngozi iliyosuguliwa na uzi uliokatika ni alama ya koti iliyokwisha kuanguka. Vuta tireti mara kadhaa. Soma alama ya ndani. Makoti mengine ya kupimiwa yanabeba jina la mushonaji, ao herufi za mwenye koti wa kwanza.

Koti ya kupimiwa iko na shida yake: mwili wa mwenyewe wa kwanza unabaki ndani yake. Fundi anaweza kuipunguza, lakini kuipanua ni vigumu, na tundu la sindano ndani ya ngozi halifungiki kama kwa kitambaa. Kwa hiyo usiiuze kwa kuangalia urefu wa mutu tu. Mwambie mununuzi akae juu ya pikipiki na kushika usukani. Mutu ambaye koti inamukaa vizuri analipa zaidi kuliko muchuuzi anayetaka kuiuza tena.

Kama unakaa chini ya bashe, unyevu ni adui. Tundika koti pahali penye hewa, mbali na moto na jua kali, juu ngozi inakauka na kupasuka. Ukungu unapanguswa na kitambaa chenye maji kidogo. Usitumie esanse.

Bei ya mutu aliyehama

Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, feza ya mukononi imekuwa kidogo. Watu wengi wakiuza siku moja, bei inaanguka, na wanunuzi wanajua. Hapo bei inayoshuka ni ya haraka ya muuzaji, lakini ngozi ni ile ile. Kama unaweza kungoja siku tatu, uliza watu watatu. Kama unaweza kuiweka rehani kwa jirani muaminifu, muandike karatasi mbele ya mushahidi, na tarehe ya kuikomboa.

Wanunuzi nao, waulize koti imetoka wapi. Nyumba nyingi ziliporwa. Koti ya kupimiwa inatambulika upesi na mwenyewe, na kuna mutu anaweza kuiona barabarani juu ya mugongo wako. Karatasi ndogo yenye majina ya muuzaji, mununuzi na mushahidi inalinda wote wawili.

Novemba 2019, huko Marekani, koti nyeusi ya ngozi ambayo mwimbaji Olivia Newton-John alivaa katika filamu Grease ya mwaka wa 1978 iliuzwa kwa munada kwa dola 243,200. Kisha mununuzi, bila kutaja jina lake, akamurudishia mwenyewe, akisema ni yake. Kwetu hatuna dola za namna hiyo. Lakini kama uko na koti ya jirani aliyekimbia, ao uliinunua kwa bei ya njaa na mwenyewe anarudi na feza zake mukononi kuiomba, mupe nafasi ya kuikomboa.