Joto, Sauti na Maziwa ya Ngamia

Joto la Garissa si la kuulizia. Lakini kinachonivutia mimi katika historia ya mji huu ni baridi: nani aliipata, kwa njia gani, na nani bado anaingoja.

Wanaoingoja ni akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Tangu zamani Wasomali hufukiza vyombo vyao kwa moshi wa miti fulani ili maziwa yakae. Siku hizi mitungi hupanda basi hadi Eastleigh, zaidi ya kilomita 350, na maziwa yakichacha njiani, hasara ni ya mama.

Kutoa baridi kwenye moto si uchawi. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota, inayoendeshwa na joto tu. Ndiyo friji ya mafuta ya taa iliyotunza chanjo kwenye zahanati zisizo na stima.

Kuna njia ya ajabu zaidi: sauti. Mafundi wa vioo huko Ulaya walijua kwamba tufe la kioo likiwa moto na mrija wake ukiwa baridi, linaimba. Karl Sondhauss alilichunguza jambo hilo mwaka 1850. Joto huitikisa hewa ya ndani. Hewa ikibanwa hupata moto, ikitanuka hupoa. Sasa panga humo vibati vyembamba: kila mtikiso unasogeza joto kidogo, kama watu wanaopokezana ndoo za maji, na upande mmoja unabaki baridi. Hakuna kompresa.

Januari 1992 friji ya sauti iliruka angani ndani ya Discovery, ingawa hiyo iliendeshwa na spika ya umeme. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Nottingham kikaanza mradi wa SCORE: jiko la kuni ambalo sauti yake ingetoa umeme na baridi kwa familia maskini za Afrika na Asia. Wazo tamu, lakini soko la maziwa la Garissa bado linategemea moshi na mwendo wa basi.

Mwishoni mwa 2019 kituo cha sola cha Garissa kilizinduliwa, megawati 50 hivi, zikaingia gridi ya taifa. Kwa hiyo jua la Garissa huenda linapoza soda Nairobi usiku huu... samahani, mchana huu, kabla ya kupoza maziwa ya mama aliye jirani na kituo. Fizikia ilishajibu zamani. Kilichobaki ni kuamua friji ya kwanza iwekwe wapi, na mimi ningeanzia sokoni.