Kumbukumbu ya Flashi na Mkalimani Wake

Wazee wetu husema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Methali hii yatufaa tunapoitazama historia ya kitu ambacho wengi wetu twakitumia bila kukijua, nacho ni kiendeshi cha kumbukumbu ya flashi. Chipu mpya iingiapo katika kompyuta ni mgeni asiyejua lugha ya nyumba ile. Kiendeshi, yaani programu iliyo baina ya kiini cha mfumo na chipu, ndicho mkalimani wake.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Mwaka wa 1974 serikali ilikataza uingizaji wa mashine hizo. Miaka 10 baadaye, katika mwaka wa 1984, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani aliitangaza flashi. Na mwaka wa 1987 ikafuata aina yake iitwayo NAND. Mfumo wa Linux nao ulianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka wa 1991. Hivyo mambo haya yalikua mbali nasi.

Flashi ya NAND ina tabia zake. Huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini haifutwi ila kitalu kizima chenye kurasa nyingi. Kila ifutwapo huchakaa. Tena baadhi ya vitalu hutoka kiwandani vikiwa vibovu. Basi anayeongeza chipu mpya hana budi kusoma waraka wa mtengenezaji, ajue namba ya utambulisho, ukubwa wa ukurasa na wa kitalu, alama ya kitalu kibovu, na nguvu ya kusahihisha makosa inayohitajiwa. Chipu ikiwa ni ndugu ya zilizotangulia, huenda kazi ikawa mistari michache tu katika jedwali la kiendeshi. Ikiwa ni ya ukoo mwingine, hujengwa msingi mpya, kama Linux ilivyofanya mwaka wa 2018 kwa flashi za NAND zitumiazo nyaya chache za SPI. Kosa la tarakimu moja laweza kuharibu yote yaliyohifadhiwa.

Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, lakini ilifasiri maneno yaonwayo kwa macho. Ukalimani wa ndani haukuguswa. Na Nyanda za Juu Kusini hazikukosa walimu. Chuo cha ufundi cha Mbeya, kilichoanzishwa mwaka wa 1986, hivi leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa nako, mwaka wa 2007, Chuo Kikuu cha Tumaini kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland, nchi ya Torvalds mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Chipu moja ikiacha kutengenezwa, mtengenezaji wa vyombo hutia nyingine mahali pake. Na programu ya zamani haiwezi kuisoma. Shule ya Tukuyu au Mufindi yaweza kukitupa chombo kizima cha intaneti kwa kukosa mistari michache. Linux i wazi kwa kila mtu kuisoma na kuirekebisha. Kazi hii haihitaji kiwanda. Yahitaji waraka, chipu mezani, na subira ya kupima. Vyuo vyetu na viihesabu kuwa elimu, si ufundi wa watu wa mbali.