Sajini Meja Asiye na Jina: Kumbukumbu za Vita na Haki ya Wakongwe wa Tarime na Serengeti

Tarehe 19 Mei, 1941, mahali paitwapo Colito, kusini mwa Ethiopia, kombania mbili za King's African Rifles, yaani KAR, zilivuka mto Bilate na kushambuliwa na vifaru vya jeshi la kifashisti la Italia. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa batalioni ya kwanza ya 6 KAR, aliparamia kifaru akakiteka. Baadaye akaviendea vingine kwa miguu, akaparamia kimoja na kuuawa hapo. Novemba 1945 Serikali ya Uingereza ilimtunuku marehemu nishani ya Victoria Cross, ambayo ni nishani yao ya juu kuliko zote za ushujaa vitani. Maelezo rasmi ya nishani hiyo yanasema kwamba alipoviendea vifaru hivyo alifuatana na sajini meja mmoja Mwafrika wa kombania pamoja na askari wengine wawili. Basi, maelezo yanakomea hapo. Majina ya hao watatu hayamo.

Kikosi cha 6 KAR ndicho kilichokuwa kikosi cha Tanganyika. Kwa hiyo swali la sajini meja huyo ni swali letu sisi, wala si la Waingereza peke yao. Watu wanne walikwenda kuvikabili vifaru kwa miguu. Mmoja akapewa nishani ya juu kabisa, na watatu hawakupewa hata jina. Tena ifahamike kwamba nishani ya Leakey ilitolewa miaka minne na zaidi baada ya tukio. Penye nia, jambo la mwaka 1941 liliweza kuandikwa mwaka 1945.

Katika makala haya tutajaribu kueleza kwa nini wakongwe wetu wa vita, hasa wa wilaya za Tarime na Serengeti, wamesahauliwa katika kumbukumbu za kijeshi, na ni wajibu gani alio nao kada wa Chama katika kuzisahihisha. Tunasema tangu mwanzo kwamba kumbukumbu ya vita ni matokeo ya mahusiano ya utawala. Huandikwa na mwenye kalamu, kwa matumizi ya mwenye kalamu. Anayetaka kuisahihisha lazima kwanza aelewe ilivyoharibika.

Kalamu ilikuwa ya nani?

Vita vya wageni vilifika Mara mapema. Wajerumani walikuwa na kituo Shirati, pwani ya Ziwa, na ngome Ikoma, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Serengeti. Waingereza waliikamata Shirati Januari 1915. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann kilipita Ikoma na kupigana hapo na Wabelgiji. Mabeberu watatu walipigana juu ya ardhi isiyo yao, na mizigo yao ilibebwa na wakulima na wafugaji wa nchi.

Wapagazi hao waliandikwaje? Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya marehemu wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Taarifa hiyo inaonyesha pia kwamba Gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona makaburi ya wapagazi yaachwe yamezwe na pori upesi iwezekanavyo. Mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam: askari mmoja wa shaba, asiye na jina, kwa niaba ya maelfu.

Kwa hiyo kusahauliwa huku kulikuwa ni uamuzi wa utawala. Hata nishani zilifuata rangi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa na medali ya ushujaa ya pekee kwa askari Waafrika wa KAR, mbali na ile waliyopewa askari wa Kiingereza kwa kitendo cha namna ile ile. Ili askari atunukiwe ilipasa afisa wake ampendekeze kwa maandishi, na afisa huyo alikuwa Mzungu. Katika Vita vya Pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Hakuna hata askari mmoja Mwafrika wa KAR aliyepata Victoria Cross katika vita vyote viwili. Na mwaka 2019 zilitangazwa hati zinazoonyesha kwamba hata katika kiinua mgongo cha mwisho wa vita, Mwafrika alilipwa takriban theluthi moja ya alicholipwa Mzungu wa cheo hicho hicho.

Kasumba ya "kabila la vita"

Yapo maelezo mepesi ambayo hata baadhi yetu huyarudia: kwamba Wakuria waliingia jeshini kwa wingi kwa sababu wao kwa asili ni watu wa vita. Hii ni kasumba ya wakoloni. Waliyagawa makabila ya nchi hii kuwa ya kupigana, ya kulima na ya kuandika, kisha wakayaajiri kwa mgawanyo huo, mwishowe wakauita mgawanyo wao tabia ya asili.

Mwanahistoria makini hutazama uchumi kwanza. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa nchi hizi. Ikaja kodi ya kibanda, iliyotakiwa kwa fedha mahali ambapo kazi ya kuleta fedha ilikuwa adimu. Na kwa Wakuria mahari hulipwa kwa ng'ombe, tena wengi, na kijana asiye na ng'ombe haoi. Mshahara wa askari ulikuwa njia moja ya kulipa kodi na kununua mifugo. Kijana wa Nyamwaga au wa Ngoreme aliyevaa sare aliuza nguvu zake kama manamba wa mkonge alivyouza zake. Tofauti ni kwamba huyu aliuza pamoja na damu.

Kasumba hii ina madhara hadi leo. Mtu akihesabiwa kuwa shujaa kwa asili, ushujaa wake hauonekani kuwa tendo la kuandikwa. Na vita vikiisha, sifa hiyo hiyo hugeuzwa kuwa shutuma. Mtafiti Michael Fleisher, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya wizi wa ng'ombe wa Wakuria, ameeleza jinsi utumishi wa jeshini na silaha zilizozagaa baada ya vita vya 1978–79 zilivyochochea wizi huo. Hayo ni kweli na tusiyafiche. Lakini tujiulize: kwa nini jina la mtu wa Tarime lipatikane upesi katika jalada la polisi kuliko katika orodha ya waliotunukiwa?

Jina linavyopotea

Tuchukue mfano wa mkongwe anayekuja ofisi ya Tawi na kudai kwamba alipigana na hakuandikwa. Atakutana na vikwazo vitatu.

Kwanza ni jina lenyewe. Majina kama Chacha, Mwita, Marwa na Wambura hurudiwa katika kila ukoo. Karani aliyeandika jina la mtu na la baba yake tu aliwaacha watu wengi ndani ya jina moja. Isitoshe, zamani mtu alijitambulisha kwanza kuwa Mwirege, Mnyabasi, Mtimbaru au Mkenye. Jina "Mkuria" kama jina la wote lilienea katika karne ya 20. Basi ndugu wawili waliweza kuandikwa kama watu wa makabila mawili.

Pili ni mpaka. Wairege na Wanyabasi wako Tanzania na Kenya pia. Aliyevuka na kujiandikisha upande wa pili, jalada lake liko upande wa pili.

Tatu ni hati. Cheti cha kuachishwa utumishi huliwa na mchwa, huungua pamoja na nyumba, hupotea katika kuhama. Hata medali haimtaji mwenyewe siku zote. Medali za Kiingereza za Vita vya Kwanza zilichongwa jina na namba ya askari ukingoni. Nyota na medali za Vita vya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake hazikuchongwa jina lo lote. Mjukuu aliyekuta nyota ya Burma katika sanduku la babu ana shaba mkononi, hana ushahidi.

Je, bila karatasi haki imekufa? Charles Miller, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya vita vya Afrika Mashariki, anasimulia kisa cha Mwanza, kwa majirani zetu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani wa von Lettow-Vorbeck mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita vya 1914–18. Wazee kama 350 wakakusanyika, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Aliyetumwa kulipa akampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, kisha akamwamrisha kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Walioandikwa na wasioandikwa walijua amri zile zile.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo. Ushahidi wa mkongwe umo pia katika mwili wake, katika kumbukumbu zake na katika wenzake. Na kwa Wakuria upo ushahidi mwingine: rika la tohara, esaro, lenye jina na mwaka wake. Wazee wa rika moja wanajua nani aliondoka lini, nani alirudi, na nani hakurudi. Hiyo ni masijala ambayo hakuna mchwa aliyeila.

Upande wetu wenyewe

Ni rahisi kumlaumu mkoloni na kuishia hapo. Kada mwaminifu hujikosoa. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi lilipanuliwa upesi kwa kuwaingiza wanamgambo, askari polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, 1979, na vita vikamalizika Juni. Majina ya makamanda tunayajua, na ni haki tuyajue: David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyeingia KAR mwaka 1942, akaongoza Divisheni ya 20 vitani na baadaye kuwa Mkuu wa Majeshi, akafariki mwaka 2024, na Mwita Marwa, aliyeongoza Brigedi ya 208.

Lakini mwanamgambo aliyeacha jembe akapewa bunduki, vita vilipokwisha alirudi kwenye jembe. Mwanajeshi wa kudumu alibaki na kikosi kinachomjua na jalada linalofuatana naye. Mwanamgambo alibaki na kumbukumbu ya kamanda wake tu, naye kamanda akifariki, shahidi ameondoka. Jeshi la wananchi lililoshinda kwa nguvu ya wananchi halipaswi kurithi tabia ya jeshi la kikoloni ya kumwandika kiongozi na kumhesabu mfuasi.

Jibu kwa pingamizi

Baadhi ya wanafunzi huuliza: kwa nini tumtetee askari wa KAR au wa Mjerumani, aliyekuwa chombo cha ubeberu? Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba majeshi hayo yalitumika kuwakandamiza Waafrika, na hatutaki kuyasafisha. Lakini lengo la vita ni jambo moja, na jasho la aliyepelekwa vitani ni jambo jingine. Hatumnyimi manamba haki ya mshahara wake kwa sababu shamba lilikuwa la bepari. Tena sajini meja wa Colito alikuwa akipigana na ufashisti uliokuwa umeikalia nchi ya Kiafrika. Kumrudishia jina lake ni kumnyang'anya mkoloni dai kwamba ushindi ule ulikuwa wake peke yake.

Wajibu wa kada

Chama hakitoi nishani za vita. Hilo ni la Amiri Jeshi Mkuu na vyombo vyake. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba dai linafika likiwa limekamilika. Aandike jina kamili la mkongwe pamoja na ukoo, kijiji, esaro na namba ya utumishi. Kikosi, kamanda, mahali na mwezi wa tukio. Awahoji mashahidi wawili mbali mbali, kisha alinganishe. Apokee nakala ya hati na kumwachia mwenyewe hati yake. Asidai wala kupokea malipo ya aina yo yote. Na awe na ujasiri wa kukataa dai la uongo, maana kila anayetukuzwa kwa uongo humzibia njia aliyestahili.

Haraka inatakiwa. Novemba 2023, katika makaburi ya Kariokor, Nairobi, Mfalme Charles wa Uingereza aliwakabidhi wakongwe wanne wa Kenya medali mpya badala ya zile walizoziharibu wakati wa Mau Mau kwa hofu ya kuonekana vibaraka. Ilikuwa miaka 78 baada ya vita. Wanne! Wenzao wengine walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri, au bila kujua kwamba wangeweza kudai.

Wa Vita vya Pili karibu wamekwisha. Kijana wa miaka 20 wa mwaka 1978 sasa anakaribia miaka 70. Yuko Mugumu, yuko Sirari, amekaa chini ya mti na wenzake, na kila msimu wa mvua wanapungua. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao kwa heshima ya waliokufa. Ni vema. Lakini kabla ya Siku hiyo ijayo, kada achukue daftari na kalamu, aende akamwulize mzee huyo jina lake, na aliandike lote.