Itifaki za Kupanga Njia: Zimo Tabaka Gani la Intaneti?

Mtu wa Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, anapotuma ujumbe Nairobi, simu huugawa katika pakiti, na kila pakiti hupokezanwa na ruta kadhaa. Ruta husoma anwani, hutazama jedwali la njia, kisha hupeleka pakiti mbele. Huo ni upelekaji, nao ni kazi ya itifaki ya IP. Jedwali lenyewe, hata hivyo, hujazwa na itifaki nyingine, ambazo kwazo ruta hupashana habari za njia zilizo wazi na zilizokatika: OSPF ndani ya mtandao wa kampuni moja, na BGP, iliyobuniwa mwaka 1989, kati ya mtandao na mtandao. Maji ya Tana nayo hayakujichagulia kutokea baharini, Kipini. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19, ndio ulioyaingiza Mto Ozi: njia ilipangwa kwanza, maji yakafuata. Kwa hiyo naona "itifaki za kupanga njia" ni istilahi bora kuliko "itifaki za uelekezaji", kwa kuwa uelekezaji waweza kueleweka kuwa ni upelekaji wenyewe.

Wapo wanaoziweka itifaki hizi katika tabaka la programu, pamoja na barua pepe, kwa kuwa BGP husafiri juu ya itifaki ya usafirishaji, TCP, kupitia mlango wa 179. Ni kweli husafiri hivyo. Lakini OSPF hupanda moja kwa moja juu ya IP. Tukipima kwa chombo cha kusafiria, kazi moja itaangukia matabaka mawili. Kipimo cha haki ni kazi, na kazi yao ni kulihudumia tabaka la mtandao, ambamo IP imo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, muundo wa pakiti za IP haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni majedwali, na mawasiliano ya Kenya yakahamia nyaya zilizosalia, ingawa kwa kasi ndogo. Vivyo hivyo, Februari 2008, tangazo moja la njia lisilo sahihi kutoka Pakistan liliifanya YouTube isipatikane sehemu nyingi za dunia kwa takriban saa mbili, ilhali mitambo yake ilikuwa mizima.

Walimu na waandishi wa vitabu vya kompyuta wazitaje basi kwa kazi yao: itifaki za kupanga njia, watumishi wa tabaka la mtandao.