Chuo kabla ya skuli

Pemba, mtoto huingia chuo akiwa na miaka minne au mitano. Skuli ataianza baadaye. Mgeni kutoka Bara akiyasikia hayo hucheka, maana kwake chuo ni pa watu wazima waliokwishamaliza kidato cha sita. Visiwani, chuo tangu zamani ni pale panaposomeshwa Qur'ani: baraza ya maalim, ukumbi wa nyumba yake, au banda la makuti ubavuni mwa msikiti, mikeka imetandikwa na watoto wamekunja miguu.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake chuo ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkali, yaani kitabu cha Herkali, mfalme wa Rumi. Kutoka kitabu, neno likahamia pahala kinaposomwa, na aliyebobea humo akaitwa mwanachuoni.

Pemba masomo hayo yalipata udongo wa kale. Mwaka 916 msafiri Al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, alifika kisiwa alichokiita Qanbalu, akawakuta Waislamu. Wanahistoria wengi wanaona kisiwa hicho ndicho Pemba. Magofu ya msikiti yako mpaka leo Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake. Na penye msikiti, hapakosi mtu wa kuwafundisha watoto.

Mtoto mgeni zamani hakukabidhiwa msahafu. Alipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Akishaijua sehemu yake, huuosha ubao akaandikiwa nyingine. Herufi zilikwenda kwa wimbo: alifu haina nukta, bee ina moja chini, tee ina mbili juu. Zikafuata irabu, kisha kuhijai, yaani kuunga herufi na irabu mpaka neno litoke. Hapo ndipo ikaja Juzuu Amma, sura 37 za mwisho, ambazo mwanafunzi huzisoma kwa kurudi nyuma, kutoka fupi kwenda ndefu.

Kila mtoto yuko pake. Huyu yumo kwenye alifu, jirani yake yumo kwenye Yasini, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Anayepita njia husikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Maalim, hata akiwa amefumba macho, hulinasa kosa la mtoto wa pembeni kabisa. Wakizidi idadi, humtegemea halifa, mwanafunzi mkubwa anayewasikiliza wadogo. Wanawake nao walifungua vyuo majumbani mwao, na wengi walioanzia huko hawajamsahau mwalimu wao wa kwanza.

Mshahara haukuwapo. Siku ya Alhamisi mtoto alikuja na sarafu yake ya ada, na Ijumaa akapumzika. Kilichopungua kwenye ada kililipwa kwa mikono: kumchotea maalim maji, kumwokotea kuni, kumsaidia shamba. Bakora nayo ilikuwapo, na wazee wanaoisimulia leo kwa kicheko hawakucheka siku ile.

Karafuu ndiyo iliyokuwa kalenda ya pili. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki shamba kuu. Msimu ukiingia, mikono yote hutakiwa: mchana kuchuma, usiku kukaa kwenye jamvi na kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Hata skuli za serikali zimewahi kufungwa ili watoto wakachume.

Skuli hizo wazazi wengi walizitazama kwa shaka wakati wa Waingereza, wakihofia watoto watapotezwa dini. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Karume, Rais wa Zanzibar, alitangaza elimu bila malipo, na madarasa yakajaa. Chuo hakikufa, kilibadilisha saa tu. Anayesoma skuli asubuhi huenda chuoni mchana, akivua sare na kuvaa kanzu au buibui.

Heshima ya maalim nayo ilihamia skuli. Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alisomesha katika skuli za Lumumba, Unguja, na Fidel Castro, Pemba, kabla hajaingia chuo kikuu mwaka 1972. Akawa Waziri Kiongozi, na baadaye Makamu wa Kwanza wa Rais, lakini mpaka anafariki Februari 2021 watu walimwita Maalim Seif. Vyeo vyote vile havikuweza kulitoa jina hilo.

Leo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kina kampasi Mchangamdogo, Pemba. Wanaomaliza huitwa wahitimu, na neno hilo nalo limetoka mkekani. Kuhitimu ni kuifikisha Qur'ani mwisho, siku ambayo mtoto huvishwa kanzu mpya, nyumba ikapika, na maalim akapewa zawadi yake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mchangamdogo anayevaa joho, mara nyingi anahitimu mara ya pili. Joho atalirudisha jioni. Kanzu ile ya kwanza ilibaki nyumbani, akairithi mdogo wake.