Penseli ya Mwisenge

Eti penseli nayo ina historia? Inayo, tena sehemu yake imepita Mara.

Mwaka 1934 mtoto Kambarage alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Enzi zile shule ilikuwa ya wachache. Miaka 40 baadaye, Mwalimu akiwa Rais, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini humo humo na kupitisha Azimio la Musoma: ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Kuanzia Butiama hadi Bunda, na nchi nzima, watoto wakajaa madarasani. Penseli ikawa mali ya mtoto wa mkulima.

Sasa hebu tuulize: kile cheusi ndani yake ni nini? Ni kinywe kilichochanganywa na udongo. Kinywe ni kaboni iliyopangwa kama kurasa za kitabu. Ukiandika, kurasa hubanduka zikabaki kwenye daftari. Ukurasa mmoja, wenye unene wa atomu moja tu, ndio grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wa Chuo Kikuu cha Manchester, waliubandua kwa selotepu ya kawaida. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na ukurasa huo si mchezo. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili, akapasha moto kiungo kimoja, akaona sindano ya dira inageuka. Akadhani ni sumaku. Kumbe joto lilikuwa limesukuma umeme. Grafini nayo, ikipashwa moto upande mmoja, chembe zake za umeme hukimbilia upande wa baridi. Vipimo vya mwaka 2009 vilionyesha ajabu zaidi: ukibadili volti ya bamba lililo chini yake, umeme huo wa joto hugeuka, chanya ikawa hasi. Iweke kwenye sumaku kali, chembe hupinda njia na kuelekea pembeni. Mwaka 2005 iligundulika kwamba kipimo cha umeme huo wa pembeni hakipandi kama mlima, bali ngazi kwa ngazi.

Basi, sisi tumekosa nini? Kinywe tunacho Mahenge, Ruangwa na Merelani. Cha Merelani kilichimbwa miaka ya 1990 kikauzwa nje. Selotepu nayo haikosekani madukani Bunda. Wale wa Manchester walikuwa na darubini, vipimo, na ruhusa ya kuchezea jambo lisilo kazi yao rasmi. Jaribio la selotepu lilizaliwa katika michezo hiyo.

Azimio la 1974 lilimpa mtoto penseli ili aandike majibu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, tusilibeze. Lakini mtoto anayeivunja penseli ili aone kilichomo ndani, huyo bado tunamchapa. Anachohitaji ni meza ya maabara. Deni hilo la Musoma hatujalilipa.