Nyuzi za Raketi na Ugonjwa wa Kumuiga Bingwa

Mimi ndiye ninayewafungia nyuzi wachezaji wa tenisi hapa Munkunyu, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Ni wachache, na karibu wote wana ugonjwa mmoja: kumuiga bingwa. Raketi ikiletwa kwangu, najua mwenyewe amemtazama nani kwenye televisheni.

Zamani hapakuwa na la kuchagua. Mwaka 1875, mwaka mmoja tu baada ya Walter Wingfield kupewa hataza ya mchezo wake kule London, Pierre Babolat wa Lyon, ambaye ukoo wake ulikuwa ukitengeneza nyuzi za ala za muziki, alianza kutengeneza za tenisi kwa utumbo wa mnyama. Uzi huo ni mwororo, unavutika na kurudi, mkono hauumii. Adui yake ni unyevu. Marehemu mjomba alikuja na raketi ya mbao ya aina hiyo kutoka Kilembe, enzi za mgodi wa shaba, shaba ileile iliyoifanya reli ifike Kasese mwaka 1956. Mgodi uliposimama mwaka 1982 raketi ikatundikwa ukutani, na mvua za msimu zikazimaliza nyuzi zake.

Nailoni, iliyobuniwa na Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935, haiogopi mvua kiasi hicho. Wavuvi wetu wa Katwe wanaijua kwa nyavu. Kwa mchezaji wa Jumamosi, nailoni laini inamtosha hadi leo, na kwa hilo sibishani na mtu.

Tatizo ni mabingwa. Björn Borg alikuwa akifungiwa nyuzi kwa mkazo wa karibu pauni 80, nyingine zikikatika zenyewe usiku. Wengi wakaamini kwamba ukikaza sana mpira utakwenda kwa nguvu. Ni kinyume chake: nyuzi zilizolegea kidogo ndizo zinazourusha mpira mbali, kukaza kunamsaidia kuutuliza yule ambaye tayari ana nguvu.

Kisha mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazil, akiwa wa 66 duniani, akatwaa Roland Garros kwa nyuzi za poliesta za Luxilon. Tangu hapo kila kijana anataka poliesta. Ni uzi mgumu, unaupa mpira mzunguko mkali mikononi mwa anayepiga kwa kasi. Lakini mabingwa huingia uwanjani na raketi zilizofungwa upya. Wa kwetu anakaa na zake miaka miwili, ati hazijakatika! Poliesta hufa kabla ya kukatika. Mkazo unapotea hata raketi ikiwa imetundikwa, na mshtuko wote unaingia kwenye kiwiko. Mwalimu mmoja aliniletea raketi ya hivyo wakati hata chaki inamshinda kushika.

Joto la huku kwetu nalo halina huruma. Ukiacha raketi ndani ya gari lililofungwa siku nzima ya soko pale Mpondwe, nyuzi zitalegea kabla hujapiga mpira. Na uzi mmoja ukikatika, kata zote mapema, ukianzia katikati, fremu isivutwe upande.

Ukicheza mara mbili kwa wiki, badilisha nyuzi angalau mara mbili kwa mwaka. Anza na nailoni, pauni 52 hivi. Mwambie fundi wako aandike tarehe na mkazo kwenye shingo ya raketi, ili safari ijayo msibahatishe.